Jina Lililotajwa Kisimani

Kathure alikuwa amefikia nepi ya sita, mikono imejaa povu, Kendi alipotoka mbio nyuma ya nyumba.

"Mama, tangi limeisha."

"Haliwezi kuisha. Limejazwa asubuhi."

"Nimeligonga. Ni tupu mpaka chini."

Kathure alijifuta mikono kwa leso akaenda kuligonga mwenyewe. Lita elfu moja, nyumba ya watu wanne, mmoja wao mtoto wa miezi minne. Ardhi kandokando ya tangi ilikuwa kavu mpaka imepasuka. Hii ilikuwa mara ya tatu mwezi huo, na mara mbili za kwanza alimchapa Kendi kwa kuacha mfereji wazi. Mara zote mbili Elkanah, mumewe, alikuwa ameketi papo hapo akitazama simu.

"Si mimi, Mama," Kendi alisema, akarudi nyuma hatua moja.

"Najua. Leo umeshinda shuleni."

Tangi halikuwa shida kubwa zaidi. Tangu Elkanah ahamishwe kutoka Meru kuja Garissa kuwa karani, na wapange nyumba hii, maziwa ya Kathure yalikuwa yakikauka. Alikunywa uji, akanywa supu, akanywa maji mpaka tumbo likauma, na bado Koome alinyonya kifua kitupu. Kule kliniki muuguzi alimpima mtoto, akatazama kadi, akampima tena. "Akipungua tena wiki ijayo, tutamlaza," alisema.

Kesho yake Kathure alimwita fundi wa mabomba. Noordin, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina, alikuja na mkoba wake, akamngoja mwenye mkokoteni wa punda amwage mapipa mawili ndani ya tangi, akafunga mifereji yote, kisha akatia kijiti ndani ya maji na kukichonga alama. Wakanywa chai. Alipokitia tena, maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima.

"Mama Koome, hii baib ni nzima. Hakuna bahali nabotea."

"Sasa yanaenda wapi? Mbinguni?"

"Huko bado sijaitwa kutengeneza."

Alifuata bomba hatua kwa hatua, akipapasa ukuta, mpaka kwenye stoo ambako liliingia chini ya sakafu. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya bomba na mpini sikioni, kama mafundi wanavyofanya wakitafuta mvujo. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akampa Kathure bisibisi bila kumtazama.

Kathure alisikiza. Funda moja. Kimya. Pumzi ndefu. Funda jingine.

"Hii si kudondoka," Noordin alinong'ona. "Hii nakunywa."

Ndipo harufu ikapanda, ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza na manyoya ya ngamia aliyelowa, ingawa hapakuwa na mvua wala ngamia, na kutoka pembe ya ndani ya stoo, nyuma ya gunia la mkaa, sauti ya Elkanah ikaita, "Kathure," taratibu, kama anavyomwita akitaka shati lake, naye akaitika "Naja" kwa mazoea tu na miguu ikaanza kwenda, na kwa kila hatua kifua chake kikabanwa kana kwamba kuna mdomo usioonekana umekishika, mpaka Noordin akamvuta kwa leso.

"Mzee yako iko ofisi, mama. Usiende! Usiitike!"

Alimtoa nje, akaenda kumleta mwenye nyumba.

Barwaqo aliishi ua wa pili, na mtaa mzima ulimwita Ayeyo, yaani bibi. Hakuuliza kuhusu bomba. Alimtazama Kathure kifuani, kisha usoni.

"Wewe ndiyo Kathure? Mbona humwagi maji?"

"Maji gani, Ayeyo?"

Bibi alikaa kwanza kwenye ndoo iliyopinduliwa. Chini ya stoo, alisema, kuna kisima ambacho babake alichimba kabla mji haujafika huku. Kila kisima kina mtumishi anayejulikana kwa jina, anayechota ndoo ya kwanza. Kisima kilipozibwa, yule anayekaa ndani yake hakuhama. Kwa hiyo kila mpangaji hutaja mtu mmoja wa nyumba, na huyo humwaga ndoo moja kwenye pembe ya stoo kila Alhamisi. Basi. Miaka yote hakuna aliyeumia.

"Siku ya kupewa funguo nilimwambia bwana yako. Alitaja jina yako. Nikasema, mwambie. Akasema, nitamwambia."

"Na asipomwagiwa?"

"Anachukua mwenyewe. Kwa bomba, na kwa aliyetajwa. Yeye hana sauti, anaita na sauti ya aliyetoa jina."

Elkanah alirudi saa kumi na moja, akawakuta watatu wakimngoja uani. Alielewa kabla hajavua viatu.

"Nilidhani ni mambo ya wazee tu," alisema. "Mimi ni shemasi, Kathure. Ningekwambiaje umwagie jini maji?"

"Lakini jina langu ulilitaja."

"Niliulizwa tu. Ni kama kujaza fomu. Mtu huandika jina la mkewe."

"Mbona hukuandika lako?"

Elkanah aliinama kufungua kamba za viatu.

"Nilimchapa mtoto mara mbili," Kathure alisema. "Ulikuwa umeketi pale."

Noordin alivunja sakafu. Chini yake palikuwa na duara la mawe, mchanga mkavu kama majivu, na bomba zima limepita juu, limelambwa mpaka maandishi yake yamefutika. Barwaqo alifukiza ubani, akasoma, sauti yake ikapanda na kushuka mpaka mawe yenyewe yakaanza kutoa mlio mdogo wa koo. Kisha akamkabidhi Elkanah ndoo.

"Aliyetoa ndiye anarudisha. Toa hiyo jina, weka yako. Uwe beke yako. Masikio mengine yasisikie."

Walitoka, wakafunga mlango. Walisikia maji yakimwagwa, na mnong'ono. Elkanah alitoka amelowa jasho.

"Umetaja?" Kathure aliuliza.

"Nimetaja."

Hata kabla ya magharibi leso ya Kathure ililowa kifuani. Alimweka Koome, naye akanyonya mpaka akasinzia, shavu limeng'aa kwa maziwa. Noordin aliziba shimo kwa saruji. Tangi halikushuka hata ukucha. Kathure hakumsamehe mumewe, lakini alisonga ugali, kwa kuwa watu lazima wale.

Alipakua. Mchuzi wa mbuzi, sukuma wiki, sahani tatu. Aliketi Koome akiwa mapajani na kuwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyevuka mto mkavu uliofurika ghafla, anayehesabu watu wake. Koome yupo, amelala. Kendi yupo, anaguguna mfupa. Elkanah yupo mbele yake, kinywa kimejaa, macho kwenye sahani. Tangu aketi hajamtazama mtoto yeyote. Na yeye mwenyewe. Wanne. Wote wapo.

Kutoka stoo, sauti ya Elkanah ikaita, taratibu, kwa upole wa baba:

"Kendi."

Elkanah aliacha kutafuna.

"Naam, Baba," mtoto akaitika, akainuka.