Kona Iliyojaa Magugu

Kila alipotoka shule, msichana mmoja alivua sare, akala, kisha akaenda kumsaidia mama yake shambani. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu kazi ya mchana kutwa yeye aliimaliza kabla jua halijageuka. Aliimalizaje, hilo hakuna aliyeuliza.

Siku moja kabla ya mvua, mama alimwachia toroli na rundo la samadi. "Isambaze shamba zima, mwanangu, mpaka kule mwisho. Usilundike mahali pamoja."

Toroli lilikuwa zito, na wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chapuchapu aliimwaga samadi yote kwenye kona ya karibu, akaichanganya na udongo juujuu, akaenda zake kucheza.

Mama alipanda mahindi. Akavaa glavu na barakoa, akapulizia chupa mbili za dawa ya magugu, ile inayopuliziwa kwenye udongo kabla magugu hayajaota. Mvua ikanyesha. Shamba lote likawa safi, isipokuwa ile kona. Pale magugu yaliyameza mahindi, hata jani hulioni.

"Chupa ya kwanza ilikuwa dawa. Hii ya pili, niliyomalizia pale, nimeuziwa maji," mama alisema. "Twende dukani, aliyeniuzia akanieleze vizuri."

Dukani, muuza pembejeo alimsikiliza mama mikono ikiwa juu ya meza. Mteja aliyekuwa pembeni aliirudisha chupa yake ya dawa rafuni polepole.

"Mama, chupa hii ya pili uliipulizia kona tu?"

"Kona na mistari inayofuata."

"Hiyo mistari ina magugu?"

Mama akafikiri. "Haina."

"Basi ni dawa. Maji hayachagui mistari. Hapo konani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Samadi tuliisambaza sawasawa shamba zima." Mama alimgeukia binti yake. "Si ndiyo?"

Chapuchapu alitazama viatu vyake. Alimwona mteja akielekea mlangoni. Akisema ndiyo, habari kwamba duka hili linauza maji itafika sokoni kabla yao.

"Hapana, mama," alisema. "Niliimwaga yote pale konani. Nilitaka kuwahi kucheza."

Mteja akasimama.

Muuza pembejeo alionyesha maranda ya mbao yaliyokuwa sakafuni. "Asubuhi nilimwaga mafuta ya taa hapa. Nikayafunika kwa maranda, yakanaswa, hayakutembea tena. Samadi nayo huinasa dawa hivyohivyo. Dawa ipo, lakini imeshikwa. Mbegu ya gugu haiipati."

"Niongeze dawa basi?" mama aliuliza.

"Usiongeze. Palilia kwa jembe."

"Nisamehe, baba. Nimekusema vibaya mbele ya watu."

"Yameisha, mama." Mteja alirudi rafuni, akaichukua chupa yake.

Jioni ile Chapuchapu alipalilia kona peke yake, akiyang'oa kwa mkono magugu yaliyokumbatia mahindi. Mama alikaa ukingoni akimtazama.

"Kidogo tumharibie mtu duka lake kwa sababu ya mchezo wako," alisema. "Kazi ukiilipua, mwenzako ndiye anayelaumiwa. Leo umesema kweli, umemwokoa. Kesho ukweli uanzie kwenye kazi yenyewe."

Msimu uliofuata Chapuchapu alianza na kule mwisho wa shamba, akirudi nyuma na toroli lake, hatua kwa hatua. Giza lilipokaribia, mama alimwita kutoka mlangoni.

"We Chapuchapu, mbona leo jina limekushinda?"

"Bado mistari miwili, mama."