Mfumo Ulisema Hakuna Mtu

Feni ya chumba namba tatu ilikuwa ikizunguka, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

Stellamaris, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliisikia kutoka koridoni, jua la mchana likiwaka nje. Katika kituo kile cha afya, pembeni mwa mji wa Kibaha, feni hazikuwa zikizunguka pasipo mtu. Walikuwa wamefungiwa mfumo wa kubana umeme: vijicho vyeupe darini, visipoona mtu akitikisika, huzima taa na feni vyenyewe, na kila kitu husomeka kwenye simu ya mkuu wa kituo, Dokta Telesphory.

Alimfuata ofisini. Telesphory alimwonyesha simu. Chumba namba tatu: mtu yumo.

"Nani yumo, Sista?" alinong'ona.

"Unaniuliza mimi?" Stellamaris alifoka. "Siku ile Maua amelala mle, simu yako ilisema hamna mtu!"

Maua, binti wa Kisarawe, alikuwa amejifungua salama. Magharibi akalala tuli kwa uchovu, damu ikimtoka kimyakimya. Mfumo haukuona mtu, ukazima taa. Waliopita koridoni waliona giza, wakajua chumba ni kitupu. Stellamaris ndiye aliyemkuta, ameshapoa. Wauguzi walikuwa wamelalamika kwamba muda wa kuzima ni mfupi mno. Telesphory akaufupisha zaidi, kituo kisifiwe kwa kuokoa umeme. Kwa ndugu wa marehemu alisema ni presha iliyomuua.

Jioni ile harufu ya udi iliyochanganyika na damu ikapenya chini ya mlango uliofungwa, ikatambaa koridoni, taa za wodi nzima zikawa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, na ndani ya lile giza la kukatikakatika ikatoka sauti nzito, si ya mwanamke wala ya mwanamume, ikisema, "Nimo. Nimo. Mbona mmenizimia?" mpaka wazazi wakabeba vichanga vyao wakakimbilia barabarani na kanga zikiwadondoka.

"Tafuta mtu, Sista," Telesphory alinong'ona. "Kimyakimya."

Stellamaris akamleta Mzee Twalibu, fundi wa kupunga majini kutoka Mlandizi. Mzee alitega sikio mlangoni, akarudi nyuma.

"Aliyekufa kafa, mwanangu. Huyu ni jini wake, wa kurithi kwa mabibi. Kiti chake, yule binti aliyekuwa akimpanda, kimevunjwa, anadai. Mimi simtoi. Namrudisha kwao."

Asubuhi yake Stellamaris na Mzee Twalibu walikuwa Kisarawe. Mwanakheri, mama yake Maua, alikuwa kibarazani kampakata mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hakuwa na presha. Semeni mlichokuja kusema."

Stellamaris akasema yote, ila jina la aliyefupisha muda. Mwanakheri hakulia. Alimkabidhi mtoto kwa jirani yake, Faudhia, akaingia ndani, akakaa mkekani. Twalibu akamfunika shuka jeupe, akachoma ubani, akaanza kusoma. Mabega yakaanza kutikisika, kisha mwili mzima, na sauti iliyotoka chini ya shuka ikawa ile ile ya chumba namba tatu.

"Nani alizima?"

Twalibu alimbana Stellamaris mkono. "Usitaje jina la mtu," alimnong'oneza. "Sema ni mashine. Akishapewa jina, mimi simzuii tena."

"Nani alizima?"

Kibarazani mtoto alikuwa akilia, akitafuta ziwa kwenye kifua kisichokuwa na kitu. Mashine. Ndivyo walivyokubaliana kusema wao kwa wao kituoni, na yeye alikuwa amenyamaza pamoja nao.

"Telesphory," alisema kwa sauti. "Dokta Telesphory wa Kibaha."

Moshi wa ubani ukalala ghafla kama uliokanyagwa. Shuka likatulia. Mwanakheri akalifunua, jasho likimchuruzika, akaomba maji.

"Jini kaenda wapi?" Faudhia aliuliza kutoka mlangoni.

Twalibu alikuwa akikusanya vitu vyake haraka haraka.

Simu ya Stellamaris ikaanza kuita. Alikuwa Telesphory. Stellamaris aliiweka mkekani, akaitazama ikiita, ikiita, mpaka ikakatika.