Nyumba za Ng'ambo ya Reli

Kila Ijumaa shule ilipofungwa, Wivine alifuata mpango uleule. Alivua sare, akaosha sahani za mchana, akamtwangia mama yake pondu, yale majani ya muhogo, kisha akaaga, "Mama, nakwenda klabu."

"Wende, lakini usirudi na matope," alijibu Mama Yolande. Na kila Ijumaa binti alirudi na matope.

Klabu yenyewe ilikuwa ya roketi. Ndiyo, roketi, hapo hapo Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto, ambako watu wa katikati ya Kisangani wakivuka kwa pirogi husema wamekuja shamba. Roketi za Lubunga hazikuwa na moto. Zilikuwa chupa za plastiki za maji, zilizobandikwa mabawa ya katoni. Maji kidogo yalitiwa ndani, chupa ikapinduliwa mdomo chini na kubanwa juu ya kipande cha bomba, kisha hewa ikasukumwa kwa pampu ya baiskeli. Mtu akivuta kamba, chupa ilichomoka na kupaa kupita michikichi, na watoto wote waliokuwa chini walilowa. Pampu waliazimwa na Tonton Mbusa, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli.

Aliyeanzisha klabu ni Maître Nephtali, mwalimu wa sayansi. Wivine, aliyekuwa wa kwanza darasani, alichaguliwa kuwa presidenti. Pampu ilikuwa mikononi mwa Valère, mtoto wa mvuvi wa kwenye maporomoko, mvulana mwenye mikono ya nguvu na utani usioisha. Siku moja Valère alitumwa kuteka maji ya roketi, akakutwa anaogelea mtoni na ndoo imeachwa juu ya jiwe. Watu hawakulisahau kosa hilo.

Klabu ilikuwa na sheria moja kubwa, na haikutungwa na watoto. Chefu wa mtaa ndiye aliyeiweka.

"Rusheni hizo fusée zenu," alisema siku alipowapa ruhusa. "Lakini Ijumaa mupite mulango kwa mulango, museme kesho kutalia. Kila nyumba. Sisemi nyumba mingi. Nasema kila nyumba."

Watoto waliona ni usumbufu tu. Wao walizaliwa vita vikiwa vimekwisha. Hawakuwahi kulala chini ya kitanda huku mabomu yakivuka mto juu ya paa lao. Wazazi wao walilala hivyo, na wako waliozika ndugu zao uani kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Mpaka leo tairi la lori likipasuka karibu na kivuko, utawaona wanawake wenye mvi wakiinamisha vichwa kwanza, halafu ndipo wanajicheka.

Kwa hiyo kila Ijumaa wajumbe wawili walitoka. Mmoja alipita nyumba za upande wa kivuko, mwingine nyumba za ng'ambo ya reli. Upande wa kivuko ulikuwa mwepesi. Ng'ambo ya reli kulikuwa na matope, mbwa wakali, na Koko Angèle. Huyu alikuwa bibi aliyeishi na mjukuu wake mdogo, Bonheur, na hakuwa na haraka na maisha. Ukimpelekea neno moja alikukalisha, akakuuliza wewe ni wa ukoo gani, akakupa muhindi wa kuchoma, akaanza habari za babu yako. Jua lilizama ukiwa bado unatafuna.

Ijumaa moja zamu ya upande wa kivuko ilikuwa ya Valère, na ng'ambo ya reli ilikuwa ya Wivine. Ila kesho yake wangekuja wageni, wanafunzi wa shule moja ya ng'ambo ya mto, na Wivine alikuwa na jambo lake. Alikuwa ameunganisha chupa tatu kuwa roketi moja ndefu, na gundi haijamalizika kupakwa. Alisimama kwenye reli, akatazama matope, akamfikiria Koko Angèle na muhindi wake. Ah! Leo hapana. Akageuka nyumbani, akakaa uani na gundi yake mpaka giza likaingia.

Asubuhi Maître Nephtali aliuliza kama kawaida yake, "Bon, watoto. Nyumba zote zinajua?"

"Ndiyo, Maître," alisema Valère.

"Ndiyo, Maître," alisema Wivine. Hakupepesa hata jicho.

Wageni walifika na viatu vilivyong'aa. Roketi ya kwanza ilipaa vizuri mno hata wakapiga kelele. Ndipo Wivine akaleta ile ndefu. Maître aliwasogeza watoto wote nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga, kama walivyozoea. Valère alisukuma hewa. Alisukuma tena, akasita.

"Présidente, gundi yako imekauka kweli? Naona inatoa mapovu."

"Sukuma bwana! Unaogopa nini?"

Akasukuma. Chupa ilipasuka pale pale kwenye kiungo. Mlio wake ulikwenda mpaka mtoni ukarudi. Hakuna aliyeumia, maana magunia yalizuia vipande. Wageni walishtuka, wakatazamana, wakaangua kicheko na kupiga makofi. Wivine naye alicheka, ingawa roho ilimuuma kwa roketi yake.

Kicheko hakijaisha wakasikia mwanamume anaita kutoka ng'ambo ya reli.

Walimkuta Koko Angèle chini ya behewa bovu lililoachwa njiani miaka mingi. Aliposikia mlio alikuwa amemnyakua mjukuu, akakimbia kutafuta pa kujificha, mguu ukanasa kwenye chuma cha reli, akaanguka vibaya. Hata hivyo alijiburuta mpaka chini ya behewa. Alikuwa amemlalia Bonheur, amemziba masikio kwa viganja vyote viwili. Walipotaka kumwinua aliwasukuma.

"Mulale chini, batoto! Mulale! Bado haijaisha!"

"Koko, ni chupa tu," alisema Maître Nephtali. "Ni chupa ya plastiki."

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Walimvusha mto kwa pirogi, akiwa amefungwa juu ya mlango uliong'olewa bawabani, akapelekwa hospitali. Bonheur alilia njia nzima.

Jioni hiyo watu walikusanyika uani kwa chefu. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Nani alikuwa wa kupita ng'ambo ya reli?"

Wivine aliinua macho. Alimwona mama yake amesimama nyuma, kanga imekazwa kiunoni, uso wa mtu asiye na wasiwasi na mwanawe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ilikuwa zamu yangu, lakini tulibadilishana. Valère aliniambia amepita."

"Muongo!" Valère aliruka. "Weye njo ulikamata ng'ambo ya reli! Miye nilipita huku kwa kivuko, muulize batu wote!"

"Nyamaza!" baba yake alimkemea.

"Papa, naapa—"

"Ulitumwa maji ukakutwa unaogelea," alisema mtu mmoja. "Leo tukuamini weye?"

Wote walimtazama Valère, wakamtazama Wivine, wa kwanza darasani, na hesabu yao ikawa imekwisha. Hata Maître Nephtali aliinamisha kichwa. Baba yake Valère alivua kofia, akaiomba radhi familia ya Koko Angèle mbele ya watu, akaahidi samaki kila wiki mpaka Koko apone. Kisha akamshika mwanawe shingoni wakaondoka. Klabu ilifungwa siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo watoto walimwita Valère "Mvunja Koko". Walimwimbia njiani. Aliacha utani. Darasani alihamia dawati la nyuma, na saa ya mapumziko alikaa peke yake. Wivine aliyaona yote. Chakula kilimkataa, na ulimi nao ulimkataa. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema, na kila jioni alilala hajasema.

Koko Angèle aliporudishwa nyumbani, Mama Yolande alipika lituma, zile ndizi za kupondwa, akamwita Wivine waende kumpa pole. Walimkuta amelala juu ya mkeka, mguu umefungwa kwa mbao. Alikuwa amekonda. Shamba lake la mihogo, lililoonekana kupitia mlango, lilikuwa limemezwa na majani.

Walisalimiana, wakaketi. Koko Angèle ndiye aliyeanza.

"Yule mutoto wa muvuvi, nasikia munamuimbia. Mbona munamuonea?"

"Si yeye alishindwa kukuletea habari, Mama?" alisema Mama Yolande.

"Eh! Nani alisema? Ijumaa ile nilikuwa nimekaa hapa mulangoni. Nilimuona na macho yangu, kule upande wa kivuko, anapiga hodi nyumba kwa nyumba. Nikasema, bon, huku atakuja mwingine. Nikachoma muhindi, nikangoja mpaka giza. Hakuna mutu. Nikajua basi kesho hawarushi." Alijiweka sawa juu ya mkeka. "Hakuna aliyeniuliza. Walikuwa banauliza batoto."

Mama Yolande aligeuka polepole akamtazama binti yake. Wivine alikuwa akitazama sakafu.

"Ni miye, Koko," alisema. "Nilikuwa wa kuja huku. Sikuja. Nilikuwa nabandika roketi."

Alitarajia kupigwa, au kusamehewa. Hakupata lolote. Koko Angèle alimtazama, na macho yake hayakulainika.

"Kuniambia miye ni kazi ndogo," alisema. "Niko nalala hapa, nitakufanya nini? Wende useme pale ulipomusemea mwenzako."

Njiani Mama Yolande hakumgombeza. Alitembea mbele, akilia kimyakimya, na Wivine alitamani angemgombeza.

Siku iliyofuata watu walikusanyika tena uani kwa chefu, na safari hii Wivine alisema yote, la zamu, la gundi, la uongo wa asubuhi na uongo wa jioni. Alipomaliza alimgeukia Valère, akapiga magoti.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Valère alimtazama kama mtu anayetazama mvua inanyesha nyumba ya jirani.

"Nilisema siku ile ile," alijibu. "Nilisema mbele yenu wote." Akawatazama watu wazima, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakainamisha nyuso. Kisha akaenda zake, na baba yake, aliyemshika shingoni ile siku, sasa alimfuata nyuma bila kuthubutu kumgusa.

"Hilo nalo ni kosa letu," alisema Maître Nephtali kwa uchungu. "Langu hasa. Nilitazama nani ana maksi nzuri, sikuuliza nani alipita wapi. Nyumba za kivuko zote zingenijibu."

Chefu aliamua. Wivine aliondolewa upresidenti. Yeye na mama yake wangelima shamba la Koko Angèle mpaka mavuno, na ujumbe wa ng'ambo ya reli ungekuwa wake kila Ijumaa. Klabu ilifunguliwa. Valère aliombwa arudi kwenye pampu, akaombwa tena, akakataa. Siku za Jumamosi alikwenda na baba yake kwenye mitego ya samaki, na mlio wa roketi ulipofika huko hakuinua kichwa.

Ijumaa ya kwanza Wivine alivuka reli mapema. Alipita nyumba zote, kuwe na mbwa au kusiwe. Mwisho alifika kwa Koko Angèle, aliyeketishwa mlangoni, mguu bado umefungwa, fimbo kando yake.

"Koko, kesho asubuhi tutarusha. Kutalia. Usiogope."

"Nimesikia," alisema Koko Angèle. Hakumkalisha. Hakumuuliza habari za nyumbani. "Sasa wende, umutume mwingine aje aniambie."

"Lakini Koko, nimekwambia kweli!"

"Labda. Miye nina mutoto mudogo hapa ndani. Tuma mwingine."

Wivine alirudi kwa Maître Nephtali akilia kwa sauti. "Nimepita kote, Maître! Kote kabisa! Na bado haniamini!"

Mwalimu aliacha alichokuwa akifanya, akaketi naye kwenye gunia la mchanga.

"Usimkasirikie," alisema. "Kusema kweli leo hakufuti uongo wa juzi, mwanangu. Ulikiri, na ulifanya vyema, na bila hivyo Valère angezomewa mpaka leo. Lakini mguu wa Koko hautanyooka tena, na rafiki yako harudi. Mtu akikupa neno ulipeleke, anakuwa amekukabidhi usingizi wa watu. Imani ya watu uliipata bure, kwa sababu ulikuwa mtoto mzuri. Sasa utaitafuta kwa jasho, na hakuna anayekuahidi kwamba utaipata. Upite Ijumaa hii, upite na ile nyingine, uambiwe tuma mwingine, utume, na wiki ijayo uende tena. Hiyo ndiyo njia iliyobaki."

Akamwita Jemima, msichana mdogo kuliko wote klabuni, akamtuma ng'ambo ya reli.

Wivine alifuata mpaka kwenye reli akasimama hapo. Alimwona Jemima akifika mlangoni, akasema neno lile lile alilolisema yeye. Koko Angèle aliitika kwa kichwa, akamkalisha Jemima, akamwita Bonheur alete muhindi.