Siku Tatu za Paa la Zahanati

Jumamosi ile Eudoxie aliamka alfajiri, akamenya shelisheli za watu wa ujima. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Mtoto wake wa kwanza alimzaa chini ya meza ya shule huku mvua ikimnyeshea, maana kimbunga kilikuwa kimeng'oa paa la zahanati, na la shule lilivuja.

Leo kijiji kilikuwa kinaezeka upya. Alipofika na sufuria, akakuta mabishano.

"Hapa kisiwani Dominika ujima ni siku moja!" alifoka mzee Hilaire. "Tunapiga misumari, tunakula, tunakwenda zetu."

"Ndivyo mlivyofanya mara ile, baba," alijibu Ismay, fundi aliyesomea ujenzi mjini. "Paa lenyewe liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Hilaire akaonyesha kwa kidole mbao za baraza.

"Na baraza unalikata kwa nini? Wagonjwa wakae juani?"

"Silikati, nalitenga. Upepo huingia chini ya baraza ukainua bati. Likiwa limeungana na paa kuu, linalivuta lote. Likiwa na paa lake, linakwenda peke yake. Na misumari huchomoka. Tutumie skrubu, na kila boriti tuifunge ukutani kwa ukanda wa chuma. Ni kazi ya siku tatu."

"Siku tatu! Nani atatulisha? Wewe na skrubu zako?"

Eudoxie akatua sufuria chini.

"Mimi. Leo, Jumatatu na Jumanne. Ila atakayepiga msumari kwenye bati, chakula changu asikiguse."

"Na tumbo hilo, binti yangu?"

"Kwa ajili ya tumbo hilihili, mzee. Sizai tena chini ya meza."

Hilaire akaweka nyundo chini.

"Haya, Ismay. Tuanzie wapi?"

Septemba, asubuhi, kimbunga kilikuja. Eudoxie alikuwa zahanati, uchungu umemshika, nesi akiwa kando yake. Kukasikika kishindo. Paa la baraza liling'oka, likarukia migombani. Akatazama juu. Bati lilitetemeka, lakini halikuachia. Hata tone moja halikuingia.

"Nesi, baraza limekwenda!"

"Liache liende, tutajenga jingine. Wewe sukuma!"

Akasukuma. Mtoto wa kike akazaliwa pakavu.

Upepo ulipotulia, majeruhi walianza kuletwa. Wa kwanza alikuwa mzee Hilaire, amechanwa mguu na bati lililong'oka kwenye nyumba yake mwenyewe. Nesi akamlaza, akaanza kumshona.

"Mwambieni Ismay," alisema mzee, akikunja uso kwa maumivu, "aanze na nyumba yangu."