Kiapo cha Banda la Kaa

Nilikwenda Magomeni, ya huku kwetu kusini, kuchukua sare za mwanangu kwa fundi. Basi. Sikuwa na safari nyingine. Jua lilikuwa linazama, mfuko wa sare uko mkononi, simu ikaita.

Alikuwa Paulo, ofisa kazi, tunayesali naye kanisa moja.

"Mwalimu Faraja, Kimakonde cha ng'ambo ya mto Ruvuma unakijua?"

"Mama yangu ni wa kule. Nimekua nacho."

"Uko wapi sasa hivi?"

Nilipomwambia, alishukuru Mungu kwa sauti. Mama Doris, muuguzi mstaafu, alikaa mtaa wa pili kutoka pale. Nyumbani kwake alikuwa amemficha mwanamke aliyetoroka kwenye banda la kumenyea kaa, kule mikokoni, Ruvuma inapoingia baharini. Paulo alilifuatilia banda lile miezi mitano. Kila alipokwenda kukagua, wanawake waliinamisha vichwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Na bila maelezo ya hata mmoja wao, hakimu asingetoa amri ya kulifungua.

"Huyu amekubali kusema," Paulo alisema. "Ila Kiswahili hajui."

Nikaenda.

Aliitwa Rozalia. Alikaa mkekani, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mama Doris alikuwa amemwogesha mara mbili, lakini chumba kizima kilinuka tope la mikoko na kaa aliyelala. Nilipomshika mkono kumsalimu, nilihisi pengo. Vidole viwili havikuwepo.

"Nani atayatoa maneno yangu?" aliniuliza kwa Kimakonde, kwa kunong'ona.

"Mimi."

Akanitazama sana. "Basi ujue kwanza. Yakitoka kinywani mwako, kitu kinaweza kukutafuta wewe. Ukikataa sitakulaumu."

Nilimwambia Paulo alivyosema. Akashusha kalamu. "Uamuzi ni wako, mwalimu."

Mimi nimesomea ualimu. Nilitabasamu, nikasema tuanze.

Rozalia alisema sentensi moja, nami nikaitoa kwa Kiswahili. Walikuwa kumi na watatu, wote kutoka ng'ambo. Walipofika walinyang'anywa vitambulisho. Mlango ulifungwa kwa nje. Walimenya kaa tangu alfajiri hadi vidole vikafa ganzi. Aliyesinzia alitumbukizwa mkono na msimamizi wao, Sudi, kwenye sufuria la maji yanayochemka. Vidole viwili vya Rozalia vilioza baada ya hapo. Sudi alivikata kwa kisu cha kumenyea.

"Siku ya kwanza alileta mganga," Rozalia aliendelea. "Akashika kaa mzima, mkubwa. Tukamtemea mate mdomoni, mmoja mmoja. Sudi naye akatema, wa mwisho, ili tuamini. Tukaapa. Kinywa kitakachotoa siri za banda... kaa ataingia humo kutafuta mate yake."

Nilipomaliza kuitafsiri sentensi ile, kitu kilinichoma kooni.

Kama mwiba wa samaki.

Nilikunywa maji. Hakikushuka.

Kikasogea.

"Mwalimu," Paulo alisema taratibu, "unatoka damu mdomoni."

Rozalia alinivuta gauni. "Acha. Inatosha."

Haikutosha. Paulo alikuwa bado hajaandika habari ya yule aliyekufa, na mama Doris, kwa ishara alizoonyeshwa na Rozalia, alikuwa ameshanidokeza kwamba yupo. Niliangalia mkono ule wenye vidole vitatu. Nikamwambia aendelee.

"Anna alimnong'oneza mwenye boti aliyekuja kubeba mzigo. Asubuhi tukamkuta sakafuni. Taya limechanika hadi sikioni. Koo limejaa magando ya kaa, hadi shingo imevimba hivi..."

"Nani alimfanyia?" Paulo aliuliza.

"Tulilala naye. Hatukusikia kitu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

Niliyasema yote, neno kwa neno, nikitema damu kwenye beseni la mama Doris. Ndani ya koo kulikuwa na sauti. Niliisikia kwa mifupa ya masikio yangu mwenyewe.

Kwaru... kwaru...

Paulo akamwekea Rozalia wino, naye Rozalia akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Imekwisha, nikawaza.

Pikipiki ikazimwa nje.

Baadaye tulijua kwamba dereva wa bodaboda aliyemleta Rozalia mjini alikuwa ameulizwa kwa kisu. Wakati ule tulichosikia ni teke moja tu, na komeo likang'oka.

Sudi hakuwa mtu wa kutisha kwa sura. Mfupi, shati safi. Panga.

Paulo aliinua mkono kukinga kichwa. Panga likatua juu ya kifundo, na kiganja kikaning'inia kwa ngozi. Damu iliruka ukutani, ikaniingia machoni. Paulo hakupiga kelele. Alilala kifudifudi juu ya karatasi zake, akazifunika kwa kifua.

Sudi akamkamata Rozalia nywele, akamwinua. "Nani ametoa maneno? Wewe au huyu?"

Rozalia alijibu kwa Kimakonde.

Sijui kwa nini niliitafsiri. Ilinitoka tu, na damu juu. "Anasema ulimuua Anna."

Sudi akacheka.

"Ndiyo, mimi! Nilimpanua taya kwa mikono hii, nikamshindilia..."

Akanyamaza.

Akakohoa mara moja. Macho yakamtoka.

Kwaruuu...

Safari hii tuliisikia wote.

Panga likaanguka. Aliingiza vidole mdomoni, kisha kiganja kizima, akivuta kitu, akivuta, mpaka pembe ya mdomo ikachanika na damu ikamwagika kwenye shati lile safi. Mama Doris alitokea jikoni na mchi wa kinu. Akampiga. Sudi akaanguka, akajinyonganyonga sakafuni kwa muda ambao mpaka leo naona ulikuwa mrefu mno, kisha akatulia.

Ripoti ya daktari ilisema koromeo lilipondwa kwa kitu kizito. Polisi waliona mama Doris alijitetea, wakamwachia. Yeye amenishika mikono mara ngapi sijui, akiniapia: "Faraja, mimi nilimpiga begani."

Banda lilifunguliwa siku ya pili, kwa maelezo yale yaliyolowa damu ya Paulo. Wanawake kumi na mmoja walitoka wakiwa hai. Kaburi la Anna lilikutwa nyuma ya choo.

Mimi, hospitalini walinitoa kooni kipande cha gamba la kaa, ukubwa wa ukucha. Daktari aliniuliza lini nilikula kaa. Nikamwambia sili kaa, sijawahi. Aliandika kwamba ni mfupa wa samaki.

Mganga hajapatikana. Mwenye banda yupo, ana mawakili wawili, na kesi imeanza kusikilizwa. Wale kumi na mmoja wako tayari kutoa ushahidi. Wakalimani wawili walioitwa wamekataa. Juzi Paulo alikuja kwangu, mkono mmoja wa shati ukiwa mtupu, wala hakuniomba nitafsiri. Alikaa tu.

Nimekubali. Kesho saa tatu asubuhi nasimama na wa kwanza. Mume wangu hataki, hajasema nami tangu mchana.

Gauni nimeshalipiga pasi. Ila tangu jioni hii, mate hayapiti vizuri.