Waya wa Kahawia

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Kokuberwa aliingia kwenye kibanda cha baba yake pale Mkuyuni. Alitundika mkoba kwenye msumari, akavua viatu visichafuke oili, kisha akaenda kwenye benchi alilokalia babu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mmekula nini shuleni?"

"Makande."

"Yaliiva?"

"Maharage yaliiva. Mahindi bado."

Babu alicheka. Alipenda kuuliza mambo madogo kama hayo. Macho yake yalikuwa yamezimika miaka mitatu iliyopita, na tangu alipoletwa Mwanza kutoka Muleba, dunia ilimfikia kwa midomo ya watu. Kokuberwa, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyemletea sehemu kubwa ya dunia hiyo.

Baba yake, Rwekaza, alikuwa fundi wa bodaboda. Lakini mwaka ule, kila alipomaliza kazi za wateja, alirudi kwenye pikipiki moja iliyosimama kwenye kona ya kibanda. Ilikuwa pikipiki kubwa ya Kijerumani, ya safari ndefu, yenye silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto. Babu aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, enzi babu akiwa mkaguzi wa kahawa. Kwa pikipiki hiyo alipita Biharamulo, Geita na Sengerema, akashuka Busisi, akapanda kivuko hadi Kigongo, akaingia Mwanza akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Nimevuka pale kwa kivuko mara nyingi mno," babu alisema. "Sasa wamejenga daraja. Nataka nivuke juu yake nikiwa nyuma ya pikipiki yangu, nisikie upepo. Halafu sitaomba kitu kingine."

Injini ilifunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa tena. Tatizo likawa nyaya za umeme, maana panya walikuwa wamezitafuna kila mahali. Ilibidi zote zitolewe na kuwekwa mpya, vibaki vipande vifupi tu vyenye rangi zilezile kwenye swichi na taa.

"Pikipiki hii siijui kama ninavyozijua bodaboda," baba alimwambia Kokuberwa. "Kwa hiyo kila waya nitakaoutoa, nitakutajia rangi yake, ulikotoka na unakokwenda. Wewe uandike kwenye daftari. Usiruke hata mmoja. Tukimaliza, daftari ndilo litakalonionyesha njia."

Kokuberwa aliandika kurasa nne, kwa mwandiko wake bora. Siku iliyofuata, Masalu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alizibeba zile nyaya za zamani kwa ajili ya shaba iliyomo ndani.

Jioni hiyohiyo wasichana wa jirani walimwita Kokuberwa wakacheze rede. Aliliacha daftari juu ya jiwe, nje ya kibanda. Mvua ilitoka ziwani bila kubisha hodi. Alipolikumbuka daftari na kulikimbilia, lilikuwa limelowa chapachapa. Alijaribu kuubandua ukurasa wa tatu kutoka kwenye wa nne, ukachanika, ukabaki kama uji kwenye vidole vyake.

Angeweza kumwambia baba. Baba angekasirika, angepiga kelele, na mambo yangeishia hapo. Lakini Kokuberwa aliiogopa kelele ile ya muda mfupi. Alichukua karatasi nyingine, akaanza kuandika ukurasa wa tatu upya. Nyaya nyingi alizikumbuka. Mbili hakuzikumbuka: wa kijani na wa kahawia. Mmoja ulitoka kwenye swichi ya ufunguo. Mwingine ulikuwa waya wa bodi, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki ili umeme urudi kwenye betri.

Alifikiri kidogo tu. Kwenye bodaboda zote alizoziona tangu utoto wake, waya wa bodi ulikuwa wa kijani. Kila mtoto wa fundi alijua hivyo. Akaandika: *Kijani – bodi. Kahawia – swichi.* Akaibandika karatasi ile kwa gundi, akalifunga daftari.

Wiki mbili baadaye nyaya mpya zilikuwa zimekaa mahali pake. Babu alivaa koti lake la zamani la safari, akaurusha mguu juu ya kiti cha nyuma, akangoja. Baba alizungusha ufunguo. Hakikusikika kitu ila mlio mdogo kama wa mafuta kwenye kikaango, kisha moshi ukatoka chini ya tangi.

"Zima!" babu alisema. "Nasikia harufu ya plastiki!"

Baba alichomoa betri, vidole vikaungua.

"Rwekaza," babu alisema taratibu, "waya wa bodi umeweka wa rangi gani?"

"Wa kijani, baba."

"Mimi nakumbuka ulikuwa wa kahawia. Niliwahi kuufunga mwenyewe njiani, Biharamulo. Ulikuwa na rangi kama udongo wa ile barabara."

"Baba, hiyo ni miaka arobaini sasa. Daftari liliandikwa siku ileile tuliyofungua. Mtu husahau, daftari halisahau. Sivyo, Koku?"

Kokuberwa alitazama miguu yake. "Ndiyo, baba."

Neno lile lilikuwa fupi, lakini tangu siku ile halikumtoka kifuani. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie. Mara nyingi alikwenda hadi mlangoni mwa kibanda akiwa amekwisha kupanga maneno, lakini alipouona mgongo wa baba ulioinama juu ya zile nyaya zilizoungua, maneno yalitawanyika.

Baba aliamini nyaya alizonunua zilikuwa nyembamba. Akatafuta nene zaidi, akaanza upya, akifuata daftari neno kwa neno. Kazi ile ilimchukua wiki tatu. Mara ya pili moshi ulikuwa mwingi zaidi, na betri ikavimba kama mkate. Baba alikaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea gurudumu.

"Sijui tena," alisema mwishowe. "Mimi ni fundi, na sijui."

Babu hakusema kitu kuhusu rangi safari hii. Kesho yake hakuja kibandani. Wala siku iliyofuata. Alibaki nyumbani kitandani, uso ukielekea ukutani. Ndizi alizopikiwa na mama zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Kokuberwa aliporudi shuleni na kumwamkia, aliitikia, lakini hakuuliza tena kama makande yaliiva.

Siku moja babu alimshika mkono. "Koku, mtu akisahau rangi, baadaye husahau nini? Husahau majina ya watoto wake?"

Kokuberwa aliuchomoa mkono wake. Alitoka nje akalia nyuma ya choo, akiwa amejiziba mdomo kwa sketi yake.

Mwisho wa mwezi baba alimwita Masalu aje kuichukua pikipiki. Asubuhi ya Jumamosi Masalu alifika na guta lake la injini, magurudumu yake matatu yakipiga kelele. Alikuwa Msukuma mwenye utani usiokwisha.

"Wahaya bwana!" alisema, akiizunguka pikipiki. "Hata pikipiki yenu ikifa, mnasema ilisoma Ujerumani!"

Siku nyingine baba angemjibu. Siku ile alisema tu, "Shika huko nyuma, tuipakie."

"Subirini." Babu alikuwa mlangoni, ameshikiliwa na mama, nguo zikimpwaya. "Niiguse kwanza."

Walimsogeza. Alipapasa taa kubwa ya mbele, akashuka hadi kwenye tangi, akaweka kiganja pale na kukiacha.

"Ichukue, Masalu," alisema. "Usimlaumu mwanangu kwa ufundi wake. Mimi ndiye niliyempa tumaini la bure. Kichwa changu kimekwisha kama macho yangu. Hata rangi ya waya nimesahau. Sasa naogopa kusema jambo lolote, nisije nikawa naota."

Masalu aliacha kucheka. Baba aligeuza uso.

"Hujasahau, babu!"

Wote walimgeukia Kokuberwa.

"Kichwa chako hakijaisha. Ulisema kweli. Ni mimi! Daftari lililowa mvua, ukurasa wa tatu ukachanika, nikaandika mwingine. Rangi mbili sikuzikumbuka. Nikakisia. Kwenye bodaboda kijani ni bodi, nikadhani... halafu baba akaniuliza nikasema ndiyo."

Baba alichukua daftari kwenye rafu, akaufungua ukurasa wa tatu, akapitisha kidole kwenye gundi iliyokauka. Alipoinua uso, Kokuberwa aliona kwamba baba yake hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Baba," Rwekaza alimwambia mzee wake, sauti ikikwaruza, "uliniambia, nami nikakukatalia. Nisamehe."

Babu alipapasa tangi tena. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo ilikuwa kahawia."

"Inaelekea ilikuwa kahawia, babu," Kokuberwa alisema, "lakini mimi sina hakika. Sitaki kukisia tena."

"Basi tujaribu. Nileteeni benchi langu."

Walifanya kazi hadi alasiri. Babu alieleza kila alichokumbuka, baba akapima kila waya kwa taa ndogo ya majaribio, na Kokuberwa akataja rangi moja moja. Asipokuwa na uhakika kama waya ni mweusi au umechafuka tu, alisema, "Sijui, babu, ngoja niufute." Masalu naye hakuondoka. Alifungua betri ya guta lake akaiweka chini.

"Azimeni hii," alisema. "Ila mkiichoma, nitawabeba nyinyi kama chuma chakavu."

Baba alizungusha ufunguo. Safari hii hapakuwa na moshi. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Akapiga kiki mara moja, mara mbili. Mara ya tano injini ikakohoa, ikasita, kisha ikaanza kunguruma polepole, kama mtu anayehadithia jambo la zamani. Machozi yalishuka kwenye mashavu ya babu, naye hakuyafuta.

"Nipandisheni," alisema.

Baba na Masalu walimshika huku na huku. Aliinua mguu wa kulia, ukafika nusu, ukaanguka. Alijaribu tena, ukaanguka tena. Wiki tano nyuma, siku ya moshi wa kwanza, alikuwa ameurusha mguu ule juu ya kiti peke yake akingojea injini iwake. Kokuberwa alikumbuka. Baba pia alikumbuka, maana alimtazama binti yake mara moja tu, kisha akatazama pembeni.

"Inatosha," babu alisema. "Nirudisheni kwenye benchi." Alipokwisha kukaa, alimwita Kokuberwa. "Kesho baada ya misa, utakwenda wewe na baba yako. Utavuka daraja, kwenda na kurudi. Utaniletea."

"Nikuletee nini, babu?"

"Ulichokiona."

Jumapili Kokuberwa alivuka daraja la Kigongo nyuma ya mgongo wa baba yake, kofia ngumu ikimzidi kichwa. Upepo ulivuma kwa nguvu. Katika maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo kizuri kama kile, na hakuwahi kuwa na huzuni kama ile. Kila kitu alikitazama kwa makini, kama mtu aliyetumwa.

Waliporudi walimkuta babu kitandani, mama akiwa amemwinua kwa mito miwili. Kokuberwa alikaa ukingoni.

"Koku," babu alianza, "nimekusamehe. Lakini nisikilize, maana sitairudia. Karatasi iliyolowa ni ajali, na ajali humpata kila mtu. Ungesema siku ile, tungeandika nyingine na kucheka. Uongo wako haukuchoma nyaya tu. Ulinifanya nisijiamini mimi mwenyewe, na miguu yangu ikalala pamoja na moyo wangu. Asiyeona humwamini anayeona. Anayeona akikisia na kusema ameona, amemzima macho mara ya pili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Haya. Niambie. Upepo ulitoka upande gani?"

"Kulia tulipokuwa tunakwenda. Ulinitoa machozi."

"Na pale kwenye gati la kivuko?"

"Patupu, babu. Nimeona magugumaji mengi, na mtu mmoja anafua."

Babu alitikisa kichwa taratibu. "Na ziwa? Maji yalikuwa na rangi gani?"

Kokuberwa alijua babu angefurahi kusikia kwamba yalikuwa ya bluu na yanang'aa, kama alivyoyasimulia yeye mwenyewe siku zote. Alivuta pumzi.

"Katikati yalikuwa ya kijani," alisema. "Karibu na ukingo yalikuwa ya kahawia."

"Umeona, au umekisia?"

"Nimeona, babu."

Mzee alifumba macho yake yasiyoona, akauegemeza uso kwenye mto, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akatabasamu.

"Endelea," alisema.