Mwezi Wenye Kovu

Shahrbanu alipolitoa bakuli tanurini, Mwezi ulikuwa unamtazama. Naye aliuchora ukitazama kando, kwa mkono wake mwenyewe! Jua katikati, nyota sita zimelizunguka, Mwezi ukiwa mmojawapo, kila moja na uso wa mtu, kama wanavyochora wachoraji wote pale mjini Kashan. Ila wenzake huzipa nyota zote uso mmoja wa mviringo, usio wa mtu yeyote. Shahrbanu, kwa upweke wa ujane, aliupa Mwezi kovu la nyusi la marehemu mumewe, Isfandiyar. Kosa lilikuwa hilo.

Adhuhuri, mji umelala kwa joto, akasikia ukucha ukigonga ukingo wa bakuli. Ti, ti, ti. Chumba kikajaa jasho na moshi wa tanuri, harufu ya Isfandiyar kabisa.

"Shahrbanu," sauti ikaita. "Umekula?"

Tena akajibu, masikini! "Bado."

Siku ya tatu alimnong'oneza jirani yake Turan, mke wa mfinyanzi.

"Shoga, umemfungulia jini mlango!" Turan akashika mdomo. Akakimbia kwa shehe, akarudi anahema. "Anasema livunje kabla ya magharibi. Akilala humo leo, hatoki tena."

"Nitalivunja."

"Apa!"

"Wallahi."

Alasiri akalinyanyua bakuli juu ya jiwe la kusagia rangi, na ule ukucha sasa ukagonga ukutani, ukahamia mlangoni, ukaja mpaka chini ya nyayo zake, na pumzi ya moshi ikampuliza shingoni, na nyuso zote zikageuka polepole kumtazama, ndipo Mwezi ukafungua mdomo.

"Shahrbanu, buluu hii umeipatia. Hakuna mchoraji Kashan anayekushinda."

Hapo akajua. Isfandiyar aliishi naye miaka ishirini, akaziuza kazi za mkewe kwa jina lake yeye, wala siku moja hakumwambia umefanya vizuri. Huyu hakuwa mumewe hata kidogo. Huyu alikuwa jini.

Machozi yakamtoka. Akaliteremsha bakuli taratibu.

Turan akabisha hodi. "Umelivunja?"

"Vipande vipande," Shahrbanu akajibu, akaukomea mlango. Kisha akamgeukia yule aliyekuwa ameshaketi zuliani.

"Hebu niambie tena," akasema.